Mbuzi Mzima



Kila misimu ya harusi inapoanza, mabibi harusi wanaoolewa na waume wanaofanya kazi bara huniuliza mambo yale yale. Baridi ikoje? Maji yapo? Mashine ya kusaga nazi nije nayo? Mimi huwajibu hayo haraka haraka, maana baridi utavaa sweta, na nazi utajifunza kula chakula bila nazi, usife. Swali ninalotaka waniulize, na wachache sana huliuliza, ni nyama. Utanunua wapi, na utajuaje kama imechinjwa? Kwetu Unguja hatuulizi. Unakwenda Darajani, unaonyesha kidole, unapimiwa. Ukifika huku ninapokaa, utauliza.

Huku ni Oloipiri, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Wengi wenu jina la Loliondo mlilisikia mwaka 2011, watu walipomiminika kwenda kunywa kikombe cha Babu kule Samunge. Ni eneo hilo hilo. Wenyeji ni Wamasai, wafugaji, watu wenye adabu na ukarimu ambao mpaka leo sijaumaliza kuusimulia. Waislamu tupo wachache. Bucha na msikiti ni mpaka Wasso, na pikipiki ikigoma au mvua ikinyesha, Wasso inakuwa mbali kama Pemba siku ya bahari chafu. Kwa hiyo nyama yangu mara nyingi hununua kwa jirani yangu, mama mtu mzima ninayemwita Yeyo, yaani mama kwa Kimasai. Yeye hunipa mbuzi hai, mume wangu huchinja nyuma ya nyumba, tunagawana na wifi yangu anayekaa nasi, na nyingine natia chumvi na kuikausha. Utaratibu huo ulikwenda miezi mingi bila neno.

Mpaka siku ya wakwe.

Mavyaa na bavyaa walikuwa wanakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Arusha, halafu basi jingine la kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kandokando ya Ziwa Natron, mpaka Wasso. Safari hiyo inamchosha kijana, sembuse mtu wa miaka sabini. Na mavyaa wangu, Allah amuhifadhi, hakuwahi kuipenda habari ya sisi kuishi huku. Alikwisha kusema mbele ya watu, tena kwenye arusi ya watu, kuwa mjukuu wake analelewa porini na hajui analishwa nini. Neno lile lilinikaa. Kwa hiyo chakula cha usiku ule hakikuwa chakula tu. Nilitaka akae kwenye mkeka wangu, ale pilau ya mbuzi mkononi mwa mkwewe, na roho yake itue.

Vitu vingine nilivipanga mapema. Mchele wa Mto wa Mbu. Vitunguu vya Mang'ola, vile vyekundu vinavyotoka bonde la Eyasi kule Karatu, ambavyo ukivikaanga vinashika rangi vizuri kuliko vyote nilivyowahi kutumia. Mbatata, thomu, tangawizi. Hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nzima ninazo za Unguja kwenye kopo langu, hizo huniletea kila anayekuja. Ndimu nilipata dukani sita, kavu kavu, lakini ndimu ni ndimu.

Mbuzi nikamwagiza kwa Yeyo siku tatu kabla. Nilikwenda mwenyewe bomani kwake. Akanisalimia, "Takwenya," nikaitika, "Iko," tukakaa, tukanywa chai ya maziwa, na kabla sijaondoka nikamwambia kwa Kiswahili cha wazi: Yeyo, Alhamisi nina wageni wakubwa, wazazi wa mume wangu. Nataka mbuzi mzima. Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama dume au jike, nikasema dume, asiwe mzee. Tukakubaliana shilingi laki moja na ishirini elfu, nikatoa sitini hapo hapo.

Sasa litazameni neno hilo. Mzima. Sisi watu wa pwani tukiulizana hali tunaitika, "Mzima." Mtu akiwa hai, ni mzima. Lakini mkate mzima je? Na ile bizari nzima iliyo kwenye kopo langu, nani anaifikiria kuwa inapumua? Neno ni moja, lina njia mbili, na kila mmoja wetu siku ile alishika njia yake. Yeyo alisikia kuwa safari hii, kwa kuwa kuna wageni wakubwa, Mama Cherehani (ndivyo wanavyoniita) hataki paja wala nusu, anataka mbuzi wote. Na kwa kuwa alijua nitakuwa na shughuli, akaona anitue mzigo.

Alhamisi mume wangu aliondoka mapema kuwafuata wazee Wasso. Adhuhuri ikapita, mbuzi hajafika. Nikatuma mtoto bomani, akarudi akasema wanakuja. Baada tu ya Alasiri nikaona vijana wawili, watoto wa Yeyo, wanakuja wamebeba gunia na ndoo. Wametabasamu mpaka masikioni. Wakaweka ndoo, wakamimina nyama kwenye beseni langu kubwa. Imekatwa vizuri, mashallah, miguu huku, mbavu huku, maini peke yake. Mmoja akasema, "Mama, pumzika. Kazi tumemaliza."

Nikauliza, nani kachinja?

Wakatazamana. Yule mkubwa akanieleza kwa fahari, kama fundi anayeonyesha mshono wake, kuwa hawakumwaga hata tone la damu. Mbuzi walimziba pumzi mdomo na pua mpaka akatulia, kama mbuzi wa heshima anavyofanywa kwao.

Dada zangu, lazima nilieleze jambo hili kwa insafu, maana najua mtakavyokunja nyuso. Kwa Wamasai, damu ni chakula, na ni chakula cha thamani. Mnyama wa shughuli kwa mila yao huzibwa pumzi ili damu isipotee. Wakimchuna hukinga damu ile kwenye ngozi ya shingoni, na wenyewe wakanywa. Kwao kumkata mnyama koo na kuiacha damu inywewe na vumbi ni uharibifu. Vijana wale hawakunifanyia uzembe. Walinifanyia mbuzi wa wakubwa.

Lakini kwetu sisi mnyama aliyekufa kwa kukabwa ametajwa kwa jina lake hasa katika Suratul Maida, aya ya tatu, pamoja na nyamafu na damu na nguruwe. Halikuachwa jambo hili tulikisie.

Wifi yangu, naye ni mchumba wa watu, harusi yake bado miezi minne, akanivuta pembeni. Akasema, wifi, si tupige bismillahi tupike? Nani atajua? Halafu akaleta hoja, na sikumlaumu, maana hoja zenyewe ni za kweli zikiwa mahali pake. Kwanza akasema iko hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, kwamba watu walimuuliza Mtume ﷺ juu ya nyama wanayoletewa na watu waliosilimu karibuni, hawajui kama ilitajiwa jina la Allah, naye akawaambia watajie wao kisha wale. Pili akasema hawa vijana wanasali kanisani, ni Ahlul Kitabi, na chakula chao tumehalalishiwa katika sura hiyo hiyo ya Maida, aya ya tano.

Nikapanda kwenye kichuguu ambapo simu hushika, nikampigia mume wangu. Hapatikani, yuko njiani. Nikampigia ustadha wangu wa madrasa Unguja, Allah ampe umri, akapokea mara ya kwanza. Nikamweleza. Hakunihutubia. Aliniuliza: umeona au umeambiwa na aliyefanya? Nikasema nimeambiwa na aliyefanya mwenyewe. Akasema basi huna shaka, una yakini. Hadithi ya Bibi Aisha ni ya asiyejua. Wewe unajua. Na Ahlul Kitabi tunakula alichokichinja, na hiki hakikuchinjwa. Angekikaba Muislamu aliyehiji mara saba kingekuwa mzoga vile vile.

Nikamuuliza je dharura? Akacheka. Akaniuliza, ndani hamna mayai? Nikamwambia yapo. Hamna maharage? Yapo. Akasema, basi dharura gani?

Halafu ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: hapo ulipo hakuna mbuzi mwingine? Nikamwambia mbuzi wapo wengi kama mchanga, mchinjaji ndiye hayupo, mume wangu atafika usiku. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na wewe una nini mikononi?"

Hapa nataka tusimame kidogo, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Ni wangapi kati yetu tumelelewa tukiamini mwanamke hachinji? Kuku anakaa amefungwa miguu jikoni tangu asubuhi anasubiri baba, kaka, au mtoto wa jirani wa miaka kumi na mbili arudi chuoni aje achinje, na wanawake watano watu wazima wako pale pale na visu mikononi wanakata vitunguu. Ustadha akanikumbusha habari iliyomo katika Bukhari ya kijakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga kondoo kwenye mlima wa Sal'i pale Madina. Akaona kondoo mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe, akamchinja kwa jiwe lile. Mtume ﷺ alipoulizwa, aliwaamuru wamle. Mwanamke, tena mtumwa, tena kwa jiwe. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii mwanamume akiwepo ndiye bora, lakini kichinjwa cha mwanamke ni halali bila ya karaha, hata akiwa katika hedhi. Sharti ni kukata koromeo, njia ya pumzi, na umio, njia ya chakula, vyote viwili. Kutaja jina la Allah kwetu ni sunna iliyotiliwa mkazo, usiiache.

Nikashuka kichuguu.

Sasa ilibaki kazi ngumu kuliko kuchinja. Namwambiaje Yeyo? Ukimwambia mtu chakula chake hakiliki, umemtukana, hata ukisema kwa sauti ya asali. Watu wameuana kwa jambo hili. Mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje na nyama ya nani iuzwe uliishia kwa kifo cha mchungaji. Mimi sikutaka hata kununiana. Nikajifunga kanga, nikaenda bomani na wale vijana na nyama yao, yote, pamoja na maini.

Nikamwambia Yeyo hivi: mbuzi wako ni mzuri na watoto wako wamefanya kazi ya kiume. Kosa halipo kwako wala kwao. Lakini Mungu wetu katuamrisha damu imwagike, akibakiza damu ndani sisi hatuwezi kumla. Kama nyinyi mnavyo vyakula ambavyo morani hali mbele ya wanawake, na hakuna anayeuliza kwa nini. Nilipotaja mfano ule uso wake ukafunguka. Miiko anaijua yeye kuliko mimi. Akasema kwa Kimasai maneno marefu kwa vijana, wakainama, kisha akaniuliza swali moja tu: wageni wako wanafika saa ngapi?

Alinyanyuka mwenyewe akaenda zizini.

Kisu changu cha jikoni nilikinoa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, mbuzi asione, maana tumefundishwa kukinoa kisu na kumpa raha mnyama. (Mikasi yangu ya kukatia vitambaa ni mikali kuliko kisu chochote ndani ya nyumba ile, lakini mikasi si ya kazi hiyo.) Vijana wakamlaza kwa ubavu wa kushoto, shingo kuelekea kibla, ambayo kwetu huku ni kaskazini, upande wa Kenya. Mkono ulinitetemeka. Nimeshona nguo za harusi za watu usiku kucha bila mkono kutetemeka, lakini pale ulitetemeka. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikakata bila kunyanyua kisu. Damu ikaenda mchangani. Nikasikia mmoja wa vijana anavuta pumzi kwa meno, vile mtu anavyofanya akiona maziwa yanamwagika. Yeyo alisimama kimya, ameshika fimbo yake, anatazama.

Kuchuna sikugusa. Vijana wale walimaliza mbuzi kabla sijamaliza kumenya thomu.

Beseni nililowekewa nyama ya kwanza nililiosha kwa maji mpaka rangi na harufu ikaondoka. Wifi alitaka kuliosha mara saba kwa mchanga, nikamwambia hilo ni la mbwa na nguruwe, hii ni najisi ya kawaida. Andikeni hilo, maana naulizwa.

Magharibi nikaiswali huku nyama iko motoni. Wazee wakafika baada ya Isha, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wakaoga, wakaswali, tukatandika mkeka, pilau ikaja sinia moja na kachumbari yake na ile ndimu kavu. Bavyaa akala. Mavyaa alichukua tonge, akalitazama, kisha akauliza nilichokijua atauliza. "Nyama hii kachinja nani?"

Mume wangu akanitazama, maana yeye alikuwa Wasso, na nilikwisha mweleza mlangoni kwa maneno matatu.

Nikasema, "Mimi, mama."

Kimya. Wifi akainamia sinia. Mavyaa akasema, "Wewe? Mwanamke?" na tonge limebaki mkononi. Sikujibu. Kuna wakati mkwe akijibu, hata akiwa na dalili zote za Bukhari, anakuwa amekosa adabu. Bavyaa, ambaye amesomesha watoto Kurani zaidi ya miaka thelathini na huwa hasemi sana, akamaliza kutafuna, akanywa maji, akaisimulia ile ile habari ya kijakazi wa Kaab na jiwe lake. Alipofika mwisho akasema, "Kula, mama watoto, wali unapoa."

Akala. Hakusifu pilau, na sikutegemea. Lakini aliongeza mbatata mara mbili, na waolewa wenzangu mnaelewa maana yake.

Baadaye usiku alinifuata jikoni. Nikamsimulia yote, na gunia na ndoo na neno mzima. Nilidhani atasema si nilikwambieni huku porini. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akaniuliza, "Na yule wa kwanza, ulimrudisha wote? Hata maini?" Nikasema hata maini. Akatikisa kichwa, akaanza kunisaidia kukausha vyombo.

Kuhusu pesa, kwa kuwa najua kuna wanaotaka kujua. Mbuzi wa kwanza sikumlipa bei, kwa sababu mzoga hauuziki kwetu, wala sikuweza kumuuza kwa mtu mwingine ili nirudishe fedha yangu, Mtume ﷺ amekataza kuuza mfu. Alibaki mali ya Yeyo, wakamla vijana. Mbuzi wa pili nilimlipa laki na ishirini zote. Lakini mbuzi kwa mfugaji ni akiba yake ya benki, na kumwacha mama wa watu na hasara kwa neno lenye njia mbili sikuona sawa. Kwenye ushonaji, mimi na mteja tukielewana vibaya juu ya mshono na kitambaa kimekwisha katwa, hugawana hasara nusu kwa nusu na urafiki unabaki. Nikampelekea shilingi elfu sitini na doti ya kanga, nikamwambia hii ni zawadi, si bei. Akachukua kanga kwanza.

Asubuhi ya pili mavyaa alitaka aonyeshwe nyumba ya Yeyo. Alikwenda na halua aliyoibeba tangu Unguja. Hawana lugha moja ya kutosha, wakakaa saa nzima wanatazamana na kucheka na kulishana halua. Alipotoka aliniambia nimfundishe neno la Kimasai la kusema mnyama yuko hai, ili nikiagiza tena pasiwe na maneno mawili. Yeyo akasema haina haja, sasa vijana wake wote wanajua: mbuzi wa Mama Cherehani anakuja na miguu yake.

Imebaki ngozi. Yeyo ameiwamba ile ya mbuzi wa kwanza juani na ananiuliza kama naitaka. Ngozi ya mfu hutwaharika kwa kudabighiwa. Iko hadithi ya kondoo wa Bibi Maimuna, Mtume ﷺ aliuliza kwa nini wasiitumie ngozi yake, kilichoharamishwa ni kuliwa. Ila ustadha kasema kuikausha juani peke yake haitoshi, mpaka itiwe kitu kikali kama magamba ya mti. Yeyo anasema mti upo, vijana watachuma wakirudi machungani.